Chumvi Kabla ya Mizani

Mashudu ya alizeti yakilowekwa maji hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Ina utamu wa mafuta, na chini ya utamu huo kuna uchungu kidogo wa karanga zilizoungulia kwenye kikaango. Leo ninauza mashudu na pumba katika duka langu Gongo la Mboto, magunia yamepangwa mpaka karibu na bati, na wateja hunitania kwamba nimeolewa na vumbi. Nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba kila nikikata uzi wa gunia jipya ninarudi Pugu, nyuma ya nyumba yetu, kwenye banda la mabanzi alilolijenga Baba kwa mikono yake, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimeshika daftari mkono mmoja na mkono wa pili nimefumbata chumvi.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Alitoka Singida, kwa wazazi waliofuga kondoo bila kujua idadi yao, na nadhani hilo la kutojua idadi ndilo lililomuudhi tangu akiwa mdogo. Alipokuja Dar es Salaam kufundisha alipata kiwanja Pugu, mahali ambapo udongo ni mweupe ukikauka na hunata ukilowa, akajenga, akaoa, akanipata mimi. Kisha akahudhuria semina ya ufugaji ya siku mbili. Alirudi na cheti, kalamu ya bure na wazo moja: kwamba mtu asinunue kondoo kwa kumtazama umbo, anunue akijua mnyama huyo atakula kiasi gani ili aongeze kilo moja ya mwili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza chapati, akasema, "Baba Eliza, nyumba haina hata kuku mmoja, wewe unaanzia kwenye utafiti?" Baba alicheka, lakini Jumapili iliyofuata baada ya ibada alileta wanakondoo wanne kwenye pikapu ya kukodi.

Walikuwa wameachishwa kunyonya karibuni, wote wa umri unaokaribiana. Wawili walikuwa dopa, ile mbegu ya kisasa yenye kichwa cheusi na mwili mweupe mnene, dume na jike. Wawili walikuwa wa kienyeji, wekundu, wenye miguu myembamba na mkia wa mafuta uliokuwa bado haujajaa, nao dume na jike. Baba aliwapa namba badala ya majina, kwa sababu alisema mfugaji akishampa mnyama jina hesabu zake zinaharibika. Dume wa dopa akawa Moja, jike wa dopa akawa Mbili, dume wa kienyeji akawa Tatu, jike wa kienyeji akawa Nne. Alidhani amenizuia. Ndani ya wiki moja nilikuwa naita "Nne! Nne!" na kondoo mwenyewe anaitika, na kwangu mimi Nne haikuwa tena namba. Alikuwa na doa jeupe juu ya jicho la kushoto na tabia ya kusimama juu ya mguu wangu, si kando, juu kabisa, kama vile anahakikisha siondoki.

Kila mmoja alikuwa na chumba chake ndani ya banda, na kila asubuhi kabla ya shule Baba alipima chakula kwa kopo la maziwa ya unga: pumba za mahindi, mashudu, na majani ya matete yaliyokatwakatwa kwa panga. Jioni tulikusanya mabaki na kuyapima pia, ili tujue kilichoingia tumboni. Jumamosi ilikuwa siku ya mizani. Baba aliazima mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia watoto kliniki, akaifunga kwenye boriti, akamvisha kila mwanakondoo mkanda wa gunia chini ya kifua na kumpandisha. Mnyama alirusha miguu, Baba alimkumbatia ili atulie, na kwa kuwa alikuwa amegeuka hivyo hakuweza kuona sura ya mizani. Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye niliyeandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, na alijivunia mwandiko huo kuliko nilivyojivunia mimi.

Haikuchukua muda tofauti ikaanza kuonekana hata kwa asiyejua kusoma. Moja alikuwa anafura. Alikula kwa haraka, alilamba chombo, na Jumamosi ilipofika mshale wa mizani ulizunguka kwa furaha. Mbili alikua vizuri ila alikuwa nyuma ya kaka yake wa mbegu moja. Tatu, yule dume mwekundu, alijitahidi kwa kadiri ya damu yake. Nne alikuwa anakula, sitaki mtu aseme alikuwa hali, alikula chakula chake taratibu na kwa adabu, na mshale ukabaki pale pale, au ukasogea upana wa ukucha. Baba alikaa mezani Jumamosi mchana, akagawanya chakula kwa uzito ulioongezeka, na kwenye mstari wa Nne jibu lilitoka karibu mara mbili ya lile la Moja. "Huyu anakula bure," alisema, wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtoto fulani darasani hawezi kugawanya. Nilikaa pembeni yake nikitazama ile namba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika, na nikahisi nimemchongea rafiki yangu.

Wiki ya tano akatangaza uamuzi wake wakati wa chakula. Madume wa dopa wangetunzwa ili wauzwe Idd. Nasema madume, kwa kuwa alishapanga kununua wengine. Mbili angebaki kuwa mama wa kundi. Na yule ambaye mwisho wa majaribio angekuwa amelipa kidogo zaidi chakula alichokula, tungemla Pasaka. Mama akauliza kama Pasaka hiyo hatungeweza kula wali na maharage kama miaka yote. Baba akasema majaribio bila matokeo ni mchezo. Hakuna aliyenitazama. Nilitaka kusema, Baba, huyo ni wangu, lakini nyumbani kwetu watoto hawakuwa na vitu vyao, walikuwa na kazi zao. Sikuwahi kuona mtu akimwambia Baba jambo la moyoni likapita mbele ya hesabu. Kwa hiyo nilimeza tonge, nikaanza kuwaza kama mtoto wa mwalimu wa hesabu: kama namba ndizo zitakazomuua, basi namba ndizo zitakazomponya.

Dawa niliipata mnadani. Baba alikwenda kuulizia bei za Idd akanichukua, na wakati anazungumza na watu mimi nilisimama karibu na dalali mmoja mwenye kofia ya manyoya iliyokatika upande. Alikuwa anawalambisha kondoo wake chumvi ya mawe kutoka kiganjani, mmoja baada ya mwingine, kisha anawasogezea ndoo. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza wanaumwa nini. "Marahaba. Hawaumwi kitu, mama mdogo," alisema akicheka. "Hawa ni wa kupima kwa kilo. Akilamba chumvi anakunywa, akinywa anakuwa mzito. Mnunuzi akishalipa, mkojo ni wake." Wenzake wakacheka wote, nami nikacheka, na safari yote ya kurudi nyumbani nilikuwa nasema moyoni chumvi, maji, kilo, chumvi, maji, kilo.

Jumamosi iliyofuata niliamka kabla ya Baba kumaliza chai yake. Nilichota chumvi ya Mama, nikaingia kwenye chumba cha Nne, nikafungua kiganja. Alilamba kwa ulimi wake mkavu mpaka mkono ukaniwasha, akatafuta mpaka katikati ya vidole, akanisukuma tumbo kwa kichwa akitaka zaidi. Nikampa. Kisha nikamwekea ndoo na akanywa kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akinywa, mbavu zake zikapanuka pande zote mbili. Alipopandishwa kwenye mizani mshale ulipita mahali ambapo haukuwahi kufika. "Ngapi?" Baba akauliza huku uso wake umezama kwenye manyoya. Nikasoma. "Soma tena, mama." Nikasoma tena, wala sikuwa nadanganya, mshale ulikuwa pale kweli. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Pugu.

Kile ambacho dalali hakuhitaji kukijua, na mimi nilikihitaji sana, ni kwamba ujanja wa maji unafanya kazi mara moja tu. Jumamosi ya pili Nne alikunywa kiasi kile kile, na uzito wake ukawa ule ule wa wiki iliyopita, maana yake kwenye daftari hakukua hata kidogo. Nikamwongezea chumvi. Akaharisha siku mbili, akasimama pembeni ameinamisha masikio, na Jumamosi ya tatu alipoona kiganja changu alikuja mbio vilevile. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba alikuja mbio. Sikuweza kumwongezea tena. Baba alipouliza "Ngapi?" nilitazama mshale, nikasoma nusu kilo zaidi. Wiki iliyofuata nikasoma kilo moja zaidi juu ya ile nusu. Nilikuwa nimegundua kwamba kati ya mizani na daftari palikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Baba alibadilika. Alianza kumtazama Nne kwa heshima. Aliwaeleza walimu wenzake kwamba watu wa semina hawakusema yote, kwamba jike wa kienyeji huanza polepole, kisha damu yake ikishazoea chakula hukimbia na kula kidogo kuliko dopa. Alitamka maneno hayo barazani, miguu imekunjwa, na nilimpenda sana alipokuwa na furaha hiyo, na niliogopa. Tatu ndiye aliyekuwa sasa wa mwisho kwenye daftari. Masikini Tatu, mbwa wa mtaani alishamng'ata sikio likakatika kipande, na sasa nikawa nimemuongezea na hukumu isiyo yake. Nilimwomba msamaha kwa kumpa majani mabichi. Sikuweza kuwaokoa wote wawili.

Wiki moja kabla ya Pasaka alikuja Mzee Sefu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, seremala kutoka Rufiji, mtu mpole ambaye nguo zake zilinukia mbao za mninga. Alikuwa amepata mjukuu, na siku ya saba ilikuwa inakaribia. "Mwalimu, nimejaliwa mjukuu wa kike," alisema baada ya salamu ndefu. "Nataka kondoo mmoja wa akika. Angekuwa wa kiume ningekusumbua kwa wawili." Baba akampa hongera, akaniita nilete daftari. Mzee Sefu akasema anachotaka ni mnyama asiye na kilema, na kama hajafikisha mwaka basi awe na mwili wa kutosha hata akichanganywa na wakubwa asijulikane. Nilisimama mlangoni mwa banda nikafanya hesabu haraka kuliko nilivyowahi kuifanya darasani. Moja alikuwa wa Idd. Mbili alikuwa mama wa kundi. Tatu alikuwa na sikio lililokatika. Baba alipitisha kidole kwenye kurasa zangu safi, kikasimama mahali nilipojua kitasimama.

"Huyu jike mwekundu amenishangaza, Mzee," alisema. "Tazama mwenyewe, tangu wiki ya sita amepanda." Mzee Sefu hakutazama daftari. Aliingia ndani, akainama, akapitisha dole gumba juu ya uti wa mgongo wa Nne kama anavyopima ulaini wa ubao. Akarudia. "Mwalimu, mbona mgongo naona mkavu? Mie naukuta mfupa hapa." Baba akacheka, si kwa dharau, kwa uhakika tu. "Mgongo unadanganya, Mzee. Macho yanadanganya, mikono nayo inadanganya. Namba hizi kaandika binti yangu, kila Jumamosi, mbele ya mizani." Kisha akanigeukia. "Kweli au si kweli, mama?"

Nimeishi miaka mingi na swali hilo. Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, na yote mawili yalimpeleka Nne mahali pamoja. Nikisema si kweli, daftari lingefutwa, uzito wake halisi ungejulikana, na Pasaka ilikuwa wiki moja mbele. Nikisema kweli, kamba ilikuwa tayari mkononi mwa Mzee Sefu. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule. Neno la tatu, lile la kusema nampenda, halikunijia kabisa, na hata lingenijia nadhani lingeonekana la kipuuzi mbele ya wanaume wawili wazima wenye shughuli. Nne alikuwa amekuja kusimama juu ya mguu wangu. Nikasema, "Kweli, Baba."

Siku ya akika lililetwa kwetu sinia la pilau, na nyama imepangwa juu, mifupa haikuvunjwa kama desturi inavyotaka. Mama hakujua lolote, akanipakulia kama alivyowapakulia wengine. Nilikula. Ningependa kuandika kwamba nilikataa, au nilitapika, lakini nilikuwa na njaa na Baba alikuwa ananitazama, na nilikula mpaka sahani ikaisha. Jioni Mzee Sefu alipita kurudisha kamba yetu, akaishukuru nyumba, akamwambia Baba kwa utani mpole, "Kondoo wako alikuwa mzuri, Mwalimu, ila maji yalikuwa mengi kuliko nyama." Baba akacheka akidhani anataniwa kuhusu bei. Mzee yule alinitazama mara moja tu, akaondoka, na mpaka anafariki hakulirudia jambo hilo kwangu wala kwa mtu mwingine.

Ningekuwa na bahati habari ingeishia hapo, na msiba ungekuwa wangu peke yangu. Lakini Baba aliyaamini majaribio yake. Tatu tulimla Pasaka kama ilivyopangwa, na baada ya Idd Baba hakununua dopa wengine. Alimuuza hata Mbili, akanunua majike wekundu kumi, akapanua banda mpaka kwenye ukuta wa choo, akaacha masomo ya ziada ya jioni ili awe na muda nao. Mizani aliinunua ya kwake. Safari hii nilisoma mshale kwa uaminifu, kila Jumamosi, kondoo kumi mfululizo, na kila nilichosoma kilikuwa kidogo. Alibadilisha pumba. Alipunguza mashudu, akayaongeza. Aliandika barua kwa bwana mifugo. Alisimama katikati ya banda na kopo lake akiwatazama wale kondoo wanavyokula taratibu na kwa adabu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosea hesabu ubaoni mbele ya darasa na haoni mahali penyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua mahali penyewe. Sikusema. Mwaka uliofuata banda likawa la kuwekea mkaa.

Siku hizi wateja huniuliza wanunue mwanakondoo gani, nami nawajibu bila kusitasita. Dume hula zaidi ya jike lakini chakula kinageuka mwili haraka. Jike huanza mapema kuweka mafuta, na mafuta yanakula pumba nyingi kuliko nyama. Dopa na chotara wake hukua upesi ukiwa na chakula cha kutosha, na wa kienyeji hakui upesi hata umfanyie nini, ila hula kidogo na hustahimili minyoo ya masika inayowamaliza wenzake. Hakuna mvivu kati yao. Kila mmoja anakwenda na mwendo aliozaliwa nao. Wateja wananisifu kwamba naelewa, wengine wamerudi kunishukuru. Ujuzi wote huu ungemtosha mtoto mmoja kusimama barazani akamwambia baba yake, huyu hakosi kitu, ndivyo alivyo. Ulinifikia nikiwa na mvi mbili na duka.

Baba anaishi nami sasa. Mama alishatangulia. Mwili wa Baba bado una nguvu ila kumbukumbu zinamtoka, za karibuni kwanza, na zile za Pugu ndizo zilizobaki zimesimama. Hukaa dukani kwenye kiti cha plastiki, akachota pumba kiganjani, akazinusa, akaniuliza, "Mama, wale majike kumi. Nilikosea wapi?" Mwaka jana, mara ya kwanza, nilifunga duka mchana, nikakaa chini miguuni pake nikamwambia yote, chumvi, maji, nusu kilo, kilo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa tayari kabisa kugombezwa. Akasema, "Kwa nini hukuniambia tu kwamba unampenda? Ningekuachia." Kisha machozi yakamtoka, mzee wa watu, na nikalia naye mpaka mteja akagonga mlango wa bati.

Baada ya siku nne akauliza tena. Nilikosea wapi? Nikamwambia tena, na akaumia tena kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya tatu uso wake ulipoanza kubadilika nikaona sina haki ya kuendelea. Msamaha alishanipa, lakini hawezi kuushika, na mimi siwezi kumrudisha kila wiki kwenye maumivu yale ili niusikie. Sasa akiuliza namwambia pumba za mwaka ule zilikuwa zimeingia ukungu. Anaitikia kwa kichwa polepole, anaridhika, anasema alishuku hivyo tangu zamani, na kwamba hesabu zenyewe zilikuwa sawa. Ameshasahau kwamba aliwahi kuniambia angeniachia. Mimi sijasahau.